Makengeza Yana Saa Yake

Mtoto anapotimiza miezi 9, mama wa Nshamba, wilayani Muleba mkoani Kagera, humfunga mgongoni, huchukua kadi ya kliniki na kushika njia ipitayo kati ya migomba na mibuni hadi kituoni, kwa kuwa siku hiyo ni ya chanjo ya surua na rubella. Mtoto atapimwa uzito, atachomwa sindano, atalia, atanyonyeshwa, na kadi itaandikwa. Atarudi tena akiwa na miezi 18. Katika siku hizo mbili muuguzi hukaa naye uso kwa uso. Kama angemmulika kwa tochi kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, angeweza kuona jambo ambalo mara nyingi huja kusemwa miaka mitano au sita baadaye, mwalimu wa darasa la kwanza anapogundua kwamba mtoto hautazami ubao sawasawa. Hoja yangu ni moja: upasuaji wa kunyoosha macho yenye makengeza hufaulu au hushindwa muda mrefu kabla mtoto hajalazwa kwenye meza ya upasuaji. Huamuliwa na siku ambayo mtu wa kwanza alisema jicho halijakaa sawa, na wa pili akamsikiliza. Hoja hii naijenga juu ya elimu ya jicho, na pia juu ya kumbukumbu za Kagera, kwa sababu mkoa huu umekwisha kulipia masomo yanayohitajika hapa.

Kila jicho hushikiliwa na misuli sita, minne iliyonyooka na miwili iliyokaa mshazari. Kazi yake ni kuyapeleka macho yote mawili mahali pamoja kwa wakati mmoja, ili ubongo upokee picha mbili zinazokaribiana na kuzifanya moja. Kwa muungano huo tunajua kikombe kiko umbali gani, na uzi uingie wapi kwenye tundu la sindano. Jicho moja likigeukia puani au likitoka nje, picha hizo hazilingani tena. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo huanza kuona vitu viwili viwili, na hakawii kutafuta tiba. Mtoto mdogo hasumbuki namna hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Ubongo wake, ambao bado unajifunza kuona, huamua kuizima picha ya jicho lililopinda. Mtoto hucheza, hukimbia, huchuma buni pamoja na wenzake, wala halalamiki, maana jicho zima linafanya kazi ya yote mawili. Lile lililozimwa hubaki nyuma, nalo ndilo waganga wa macho huliita jicho mvivu. Ukilichunguza, mboni yake ni safi, lenzi yake ni safi, na pazia lake la nyuma halina doa. Kilichokosekana ni mafunzo ndani ya ubongo.

Jambo hili lilithibitishwa na watafiti wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel. Katika miaka ya 1960 waliziba jicho moja la paka wachanga kwa majuma kadhaa, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini sehemu ya ubongo iliyopaswa kulisikiliza ilikuwa imekwisha kutwaliwa na jicho la pili. Paka mkubwa aliyezibwa jicho vivyo hivyo hakupata hasara hiyo. Walipowasababishia paka wachanga makengeza kwa kukata msuli mmoja, chembe za ubongo zinazosikiliza macho yote mawili kwa pamoja zilipungua mno. Kazi yao ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na tumezoea kuitumia methali hiyo kwa adabu na malezi. Kwa jicho ni kweli tupu. Ubongo wa mtoto wa miaka 2 hukunjika, wa miaka 6 hukunjika kwa taabu, na baada ya hapo kila mwaka huongeza ukavu.

Historia ya upasuaji wenyewe inatoa ushahidi uleule kwa upande mwingine. Mwaka 1839, mjini Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach alimkata mvulana wa miaka 7 msuli uliokuwa ukilivuta jicho kuelekea puani, na jicho likanyooka. Habari zilienea Ulaya upesi, madaktari wengi wakaiga, na baada ya muda ikaonekana kwamba baadhi ya macho yaliyokatwa msuli hivyo yaligeuka na kwenda upande wa pili. Ilibidi vizazi vilivyofuata vijifunze kuusogeza msuli kwa kipimo na kuushona, badala ya kuukata na kuuacha. Somo la ndani zaidi linatoka kwa Susan Barry, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, ambaye alifanyiwa upasuaji utotoni mara zaidi ya moja. Macho yake yalionekana yamenyooka, lakini kila jicho liliendelea kufanya kazi peke yake, mpaka alipokuwa na umri wa karibu miaka 50, ndipo mazoezi maalumu ya macho yalipomfungulia uwezo wa kuona kina cha vitu. Aliyaeleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2009. Kisu huweka macho sambamba. Kuyafundisha kushirikiana ni kazi nyingine, na kazi hiyo ina saa yake.

Nianze na pingamizi linalosikika zaidi vijijini, yaani hofu ya kisu. Wapo wanaoamini kwamba daktari hulitoa jicho, huliweka mezani, hulitengeneza na kulirudisha. Hakuna kitu kama hicho. Mtoto hupigwa nusu kaputi ili asisikie maumivu wala asitikisike. Kope hushikiliwa wazi kwa kifaa kidogo cha chuma. Daktari hukata ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, huingiza ndoano butu chini ya msuli, huufunga kwa uzi mwembamba sana, huutenganisha na jicho, kisha huushona tena milimita chache nyuma ya pale ulipokuwa ili nguvu yake ipungue. Msuli uliolegea hufupishwa ili uvute zaidi. Ndani ya jicho haingii kitu, na jicho halitoki mahali pake. Kwa siku kadhaa weupe utakuwa mwekundu, jicho litakereketa, na dawa ya matone itatumika. Haifai kumficha mzazi kwamba nusu kaputi ina hatari zake, kwamba mara chache jeraha huingiwa na vijidudu, na kwamba baadhi ya watoto huhitaji upasuaji wa pili kwa sababu macho yalinyooshwa pungufu au kupita kiasi. Hatari hizo zipo na hupunguzwa kwa uangalizi. Hasara ya jicho kuzimika kwa kuachwa ni ya hakika zaidi, nayo haina upasuaji wa kuirudisha.

Pia si kila makengeza ni ya kisu, na hili lingewatuliza wengi. Mtoto mwenye macho yanayoona mbali kuliko karibu hulazimika kuyakaza kila anapotazama kitu, na kukaza huko huyavuta macho kuelekea puani. Mpe miwani inayomfaa, na mara nyingi macho hunyooka akiwa ameivaa. Mtoto ambaye jicho lake moja limeanza kuwa mvivu huzibwa jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Majaribio makubwa ya Marekani kwa watoto wa miaka 3 hadi 7 yalionyesha kwamba, pale uvivu usipokuwa mkali, kuziba saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na kuziba saa 6. Saa 2 ni muda wa kumenya ndizi, kuziweka jikoni na kuzipakua, kazi ambayo mtoto huweza kuifuatilia karibu na mlezi wake akiwa na kiraka usoni. Kwa hiyo utaratibu ni kupima, kuvalisha miwani, kuliamsha jicho lililolala, na kunyoosha kwa upasuaji kile kilichobaki. Familia inayofika mapema ina hatua zote hizo mkononi. Inayochelewa hukuta hatua ya mwisho peke yake, na huo ndio upasuaji ambao majirani huja kusema haukusaidia kitu.

Pingamizi la pili husema makengeza ya mtoto huisha yenyewe. Lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo linapoteza wengi. Mtoto mchanga huweza kupoteza mwelekeo wa macho mara kwa mara katika miezi mitatu au minne ya kwanza. Wapo pia watoto wenye daraja pana la pua, ambao ngozi hufunika sehemu ya weupe upande wa ndani, wakaonekana wana makengeza ilhali hawana. Tochi ndiyo huamua. Mlezi humpakata mtoto, na mtu mwingine hushika tochi ya simu mbele ya uso wake, umbali wa kama futi moja, kwa muda mfupi. Mtoto akiitazama, kitone cheupe cha mwanga huonekana katika kila jicho. Macho yakiwa sawa, vitone hivyo hukaa mahali palepale katika mboni zote mbili. Jicho moja likiwa limeingia ndani, kitone chake huonekana kimesogea upande wa nje. Likiwa limetoka nje, kitone husogea kuelekea puani. Kipimo hiki kina jina la Julius Hirschberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19, na hakimalizi kila kitu, kwa sababu makengeza madogo huweza kukiponyoka. Hata hivyo kinatosha kumwambia muuguzi wa zahanati kwamba mtoto huyu wa miezi 9 apelekwe mbele bila kungoja.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutongoja. Baadhi ya makengeza ni mlio wa kengele ya saratani. Saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, iitwayo retinoblastoma, mara nyingi hujionyesha kwa weupe ndani ya mboni, kama jicho la paka likimulikwa usiku, na dalili inayofuata kwa wingi ni makengeza. Mtoto akifika mapema, maisha yake huokolewa karibu kila mara katika nchi zenye huduma kamili, na pengine hata jicho lenyewe. Akichelewa, saratani huweza kupita kwenye mshipa wa jicho kuelekea ubongoni. Jirani zetu wa Mbarara, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, wana kituo cha macho cha Ruharo ambacho kimewatibu watoto wengi wenye saratani hiyo. Kwa sababu hiyo mtoto yeyote mwenye makengeza anastahili kutazamwa nyuma ya jicho na mtaalamu, hata kama familia haina nia ya upasuaji. Anayesema tungoje akue haijui hatari anayoifuga.

Hapa Kagera ina kumbukumbu yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mkoani humu mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Jina la UKIMWI lilikuwa bado. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizoingia kwa biashara kutoka Uganda, na wapo waliosema ni uchawi. Wakati jina sahihi likitafutwa, watu walizikwa. Makengeza hayaui kama ule ugonjwa, isipokuwa pale yanapoficha saratani, lakini yanakutana na mazoea yaleyale ya kupewa jina lisilo lake. Husemwa mama alimcheka mwenye makengeza akiwa mjamzito, au mtoto amerogwa, au ni ya ukoo tu. La ukoo lina ukweli, kwa kuwa makengeza huweza kurithiwa. Maana yake ni kwamba wadogo wa mtoto huyo wapimwe mapema zaidi, na si kwamba wote waachwe. UKIMWI uliacha pia nyumba nyingi za Muleba ambamo bibi ndiye mlezi, na bibi mwenye mtoto wa jicho hawezi kuona kitone cha mwanga kwenye mboni ya mjukuu wake. Hiyo ni sababu ya kutomwachia mzazi au mlezi peke yake kazi ya kugundua. Muuguzi anayemshika mtoto siku ya chanjo ndiye mwenye macho ya kuona kwa niaba yao.

Pingamizi la tatu hudai kwamba kunyoosha macho ni urembo, na kwamba fedha za umma zina kazi nyingine. Nshamba ni mahali pasipofaa kwa hoja hiyo. Katika miaka ya 1990 ulianzishwa hapa mradi wa HUMULIZA, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Uliwasaidia walimu na walezi kuyaelewa majonzi ya yatima, na baadaye vijana wenyewe wakaunda jumuiya yao ya Vijana Simama Imara. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa kwamba mtoto aliyepewa sare na chakula bado anaweza kuwa ameumia, na kwamba maumivu hayo ni halisi na yanastahili kushughulikiwa. Mtoto anayeitwa kwa jina la jicho lake badala ya jina alilopewa na wazazi ameumia vilevile. Utafiti mmoja wa Uswisi uliwaonyesha watoto picha za watoto wenzao, nyingine zikiwa zimebadilishwa macho tu ili yaonekane na makengeza, wakaulizwa wangemwalika nani kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Kuanzia umri wa miaka 6 hivi, wale wa makengeza waliachwa zaidi. Mtoto huanza kutengwa katika umri uleule ambao sisi huanza kumgundua. Macho mawili yanayomtazama mtu yakiwa yamenyooka ni sehemu ya heshima ya binadamu, na jicho lililofundishwa kuona ni akiba ya maisha, maana mwenye jicho moja tu linalofanya kazi, likipigwa na jiwe au kijiti cha mbuni, hubaki gizani.

Pingamizi la nne ni la wenye hesabu. Wilaya yenye malaria itawezaje kushughulikia makengeza, na familia ya Nshamba itafikaje Hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, au mbali zaidi, hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam? Naukubali uzito wa pingamizi hili. Nauli ni ya watu wawili, siku za shamba hupotea, na anayelala wodini anahitaji wa kumpikia. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, lakini halijaondoa nauli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 juu ya watoto wenye mtoto wa jicho waliofika KCMC ulionyesha kwamba umbali na hali ya maisha ya mama vilihusiana na kuchelewa. Hata hivyo tutazame ukubwa wa jambo. Muleba ina watu zaidi ya 600,000. Tukichukua makadirio ya chini, mtoto 1 kati ya 200, na tukihesabu nusu ya wakazi kuwa watoto, tunapata watoto wapatao 1,500. Tochi imekwisha kulipiwa, muuguzi yupo, na mtoto analetwa kwa miguu ya mama yake. Muleba pia imewahi kuonyesha kwamba jambo dogo likifanywa kwa uangalifu hufika mbali. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa vilivyoongezwa kiungo cha PBO, uliofanywa katika vijiji vya wilaya hii, ulionyesha kwamba vinapunguza malaria kwa watoto, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitumia matokeo yake kuvipendekeza vyandarua hivyo. Wilaya iliyoifundisha dunia juu ya chandarua haishindwi na tochi.

Atakayebaki kusema ni yule aliyekwisha kupita umri, kijana wa miaka 20 mwenye makengeza tangu utoto, akiuliza kama hoja hii ya saa inamfungia mlango. Haimfungii. Upasuaji hunyoosha macho ya mtu mzima pia, na aliyekuwa akikwepa kumtazama mteja dukani huweza kumtazama. Hata kwa uvivu wa jicho, majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba baadhi ya watoto wa zaidi ya miaka 7 hupata nafuu wakitibiwa. Aende akapimwe. Ninachokataa ni kulifanya tumaini hilo dogo kuwa sababu ya kumwacha mtoto wa miezi 9 angoje.

Ombi langu basi ni kwa wanaosimamia afya Muleba na Kagera nzima: siku ya chanjo ya miezi 9 na ile ya miezi 18 ziwe pia siku za tochi, matokeo yaandikwe kwenye kadi kama uzito unavyoandikwa, na anayepewa rufaa afuatiliwe na mhudumu wa afya wa kijiji mpaka afike. Na kwako mama, baba au bibi unayesoma haya, usingoje agizo lishuke. Kliniki ijayo, mwambie muuguzi ammulike mtoto machoni, nawe simama karibu mtazame vitone vile pamoja. Visipokuwa mahali pamoja, anza safari wiki hiyohiyo.